Neno la Siri la Samanyanga Lapigiwa Ngoma

Kwa miaka kumi na miwili neno la siri la Tapfumaneyi Zhou lilipigiwa kelele barabarani kila asubuhi, na yeye mwenyewe alikuwa akiliitikia.

"Umeamkaje, Samanyanga?" aliita muuza nyanya wa mtaa wa Mucheke, mjini Masvingo.

"Nimeamka, kama umeamka na wewe."

"Samanyanga, shule zinafungwa lini?" aliita fundi viatu.

Hilo ndilo jina la sifa la watu wa ukoo wa tembo, na mtu mzima wa ukoo huo haitwi jina lake la ubatizo na watu wenye adabu. Kwa hiyo siku Tapfumaneyi alipofunguliwa barua pepe yake ya kwanza, na kompyuta ikamwomba neno ambalo hatalisahau, aliandika Samanyanga, akaongeza mwaka aliozaliwa, akaegemea kiti kama mtu aliyemaliza kulima. Neno hilohilo akalitia benki, akalitia kwenye maji ya manispaa, kwenye ukurasa wake mtandaoni, na kwenye mtandao wa ile sekondari ambako alikuwa karani. Ng'ombe wote zizi moja, na juu ya mlango wa zizi limebandikwa jina la mwenyewe.

Ajabu si kwamba mwizi aliingia. Ajabu ni kwamba alichelewa vile.

Jumatatu moja watu wa Masvingo waliamka wakakuta Mzee Zhou, mzee wa kanisa, akiwa kwenye picha na fulana yake nyekundu ya chama cha wanaume wa sala, anatangaza mafuta ya kuwaamsha wanaume waliolala. Si waliolala usingizi. Ndani ya wiki mbili walifika getini mwa shule wanaume kumi na mmoja wakiuliza bei, mmoja wao akiwa makamu wa mwalimu mkuu, ambaye alisema anamuulizia ndugu yake. Mchungaji naye alimwita ofisini, akafunga mlango, akamuuliza kwa upole kama kuna jambo angependa kuombewa.

Aliyemwokoa ni Ticha Rumbidzai Gumbo, mwalimu wa kompyuta, msichana mwenye umri wa binti yake na mdomo wa mama mkwe.

"Baba Zhou, neno lako la siri lilikuwa lipi?"

"Siri ni siri, mwanangu."

"Lilikuwa Samanyanga?"

Tapfumaneyi akatazama dari.

"Na mwaka wa kuzaliwa mwishoni?"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia, baba. Nimekusalimia tu, kama watu wote."

Akachukua simu yake, akamwekea programu ya kutunza maneno ya siri, akamweleza kwamba hilo ni kabati. Kila mlango wake wa mtandaoni sasa utapata ufunguo wake, mrefu, wa ovyoovyo, herufi na namba zimemwagwa kama mtama, ambao hata yeye mwenyewe hataujua. Atakachotakiwa kukumbuka ni ufunguo mmoja tu, wa kabati lenyewe.

"Yaani nisijue maneno yangu mwenyewe ya siri?"

"Usichokijua hakiwezi kukutoka mdomoni."

Hiyo Tapfumaneyi aliipenda sana. Ufunguo wa kabati, alisema Ticha, uwe maneno manne ambayo hayajawahi kukutana. Si ukoo, si mtoto, si timu ya mpira, si aya ya Biblia. "Tazama huku na huku uchague manne. Na usiniambie! Funga mdomo, baba, naona unataka kuniambia." Akawasha pia kitu kingine: kila kabati likifunguliwa kwenye simu ngeni au kwenye kompyuta ya shule, namba itatumwa kwanza kwenye simu ya mwenyewe. Hiki Tapfumaneyi alikizima baada ya wiki moja, kwa sababu kilimlazimisha kutafuta miwani mara mbili.

"Mwisho," alisema Ticha Gumbo, "andika hayo maneno manne kwenye karatasi moja, umpe mtu mmoja unayemwamini, ambaye una hakika atakuwepo siku utakapokufa."

Hapo ndipo mkasa wote ulipozaliwa. Lakini kwanza ijulikane kabatini mlikuwa na nini, maana si bili ya maji iliyomkosesha usingizi Tapfumaneyi.

Alikuwa na dada, Rugare, shangazi wa ukoo, na katika watu wale shangazi, tete, ndiye mahakama. Bibi arusi humuuliza tete yale ambayo hawezi kumuuliza mama, wala daktari, wala hata rafiki. Rugare alipozeeka, macho yakaingia ukungu, alimwita kaka yake akamwambia wanawake wa siku hizi tete zao wako Johannesburg na London, hawana wa kumuuliza, kwa hiyo yeye atakaa kwenye mtandao. "Mimi nitasema, wewe utaandika. Na usitie maneno yako ya ukarani." Wakafungua ukurasa, wakaweka picha ya chungu cha udongo badala ya uso, wakauita Tete wa Chungu. Hakuna aliyeambiwa ni nani. Kila jibu la Rugare lilianza vivyo hivyo, "Mwanangu, kaa chini kwanza," kisha likafuata neno ambalo Tapfumaneyi aliliandika huku masikio yanamuwaka, maana kuna mambo ambayo mwanamume wa fulana nyekundu hakutarajia kuyaandika kwa kidole chake mwenyewe.

Rugare akafa. Siku ya tatu baada ya maziko, msichana mmoja aliandika kwamba ndoa yake ni Jumamosi na hajui amuulize nani. Tapfumaneyi alikaa na ile simu kutwa nzima. Ilipofika saa kumi aliandika, "Mwanangu, kaa chini kwanza," akasikia sauti ya dada yake puani mwake kama harufu ya ugoro, na yaliyobaki yakaja yenyewe.

Hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita. Wanawake waliokuwa mia nne sasa walikuwa elfu thelathini na moja, na wote waliamini wanamwambia mwanamke.

Mmoja wao alijiita Mchovu wa Mucheke. Miaka minne iliyopita alileta kesi ya mume ambaye akiulizwa jambo dogo tu, kwa mfano funguo za stoo ameweka wapi, ananuna siku tatu, na katika kununa kwake anakohoa makusudi ili watu wajue amenuna. Tapfumaneyi alifika kwenye kikohozi, akasimama. Akasoma tena. Stoo ilikuwa stoo yake. Kikohozi kilikuwa kikohozi chake. Mchovu wa Mucheke alikuwa Mai Rutendo, yaani Mama Rutendo, mkewe, aliyekuwa chumba cha pili anapiga pasi.

Na Mungu ni shahidi, hakujipendelea. Aliandika kama ambavyo Rugare angeandika: "Huyo mume ana makosa. Usimbembeleze. Mpe sadza lake, mpe mboga yake, usimpe maneno." Kisha akakaa siku tatu bila kubembelezwa, anakohoa ukutani.

Sasa mtu kama huyo, mwenye kabati kama hilo, ampe nani karatasi? Mai Rutendo haiwezekani, kwa sababu zilizoelezwa. Watoto hapana. Ticha alisema mtu ambaye hapana shaka atakuwepo siku ya kifo chako, na kwa mtu wa Masvingo swali hilo lina jibu moja tu. Ni sahwira wake, mtani wa kuzikana.

Sahwira wa Tapfumaneyi alikuwa Pedzisai Mhere, mchimba visima, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Usahwira huo waliurithi kwa baba zao. Mhere alikuwa na haki ya kuingia uani kwa Tapfumaneyi na kuondoka na kuku. Alikuwa na haki ya kuvaa kofia yake, kumwita mkewe "mke wetu", na kumtukana mbele za watu, na Tapfumaneyi hakuwa na haki ya kukasirika. Sahwira akikasirikiwa, aliyekasirika anatoa mbuzi. Kwa malipo ya uhuni wote huo, siku Tapfumaneyi akifa ni Mhere atakayeingia chumbani wakati ndugu wanalia, atakayesimamia kaburi, na atakayesema ukweli.

"Hii ni nini?" Mhere aliuliza, akiigeuza karatasi.

"Ufunguo wa kabati la kwenye simu. Nikifa, fungua, tafuta kilichoandikwa Chungu, kifute. Usisome."

"Mimi hata Biblia sisomi, nitasoma chungu chako?"

"Usimwonyeshe mtu hiyo karatasi, Pedzisai."

"Haionekani na mtu." Akaikunja, akaitia ndani ya kofia, iliyokuwa kofia ya Tapfumaneyi.

Kosa la Tapfumaneyi lilikuwa hili: alimfikiria sahwira nusu. Alifikiria ile nusu inayozika. Alisahau ile nusu nyingine, ambayo ni mdomo, na ambayo kazi yake msibani ni kuchukua siri za watu na kuzipigia ngoma.

*

Mwezi wa tano, mahindi yakiwa yameingia ghalani, alifariki Sekuru Makanyara, mjomba wa akina Zhou, kijijini Zaka. Alikuwa na miaka tisini na mmoja na wake wawili waliotangulia, kwa hiyo kilio kilikuwa cha heshima lakini hakikuwa kirefu. Kufika saa tano asubuhi uwanja umejaa, sufuria za sadza, ugali wa kwao, zinachemka, ngoma inapigwa, na Pedzisai Mhere anatoka nyumbani kwa marehemu amevaa koti la marehemu.

Alimwiga alivyokuwa akivuta ugoro katikati ya sala na kupiga chafya mahali pa Amina. Alimwiga alivyokuwa akijifanya kiziwi akiitwa na mke mkubwa na kusikia vizuri akiitwa na mdogo. Vibibi wa ukoo walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha Mhere, akiona moto umeshika, akawageukia walio hai.

"Na huyu! Huyu tembo hapa!" Akamnyooshea Tapfumaneyi fimbo ya marehemu. "Mnamwona alivyoibana simu kwapani kama yai? Ana neno la siri! Mkewe halijui. Watoto hawalijui. Mungu mwenyewe anakisia!"

"Liseme!" walipiga kelele wanawake wa jikoni.

"Niliseme?"

"Liseme!"

Tapfumaneyi alitikisa kichwa. Alitikisa kwa nguvu. Lakini msibani kutikisa kichwa kwa sahwira ni kama kumwagia moto mafuta ya taa.

"Beseni!" aliimba Mhere.

"Beseni!" uwanja ukaitikia.

"Ngazi!"

"Ngazi!"

"Mbuzi! Mbuzi na Alhamisi!"

"Mbuzi na Alhamisi!"

Ngoma ikaidaka. Lazima isemwe ukweli, ulikuwa wimbo mtamu. Wakwe wa ukoo, wanawake walioolewa humo, waliingia katikati wakaucheza, mmoja amebeba beseni kweli, mwingine anapanda ngazi isiyokuwepo. Watu mia mbili waliimba neno la siri la Tapfumaneyi Zhou kwa sauti nne, na hata mchungaji alionekana anatikisa kisigino. Tapfumaneyi alicheka, kwa sababu sheria inataka ucheke. Alicheka huku anaona simu tatu zimenyanyuliwa juu zinarekodi video, na katikati ya wakwe, Mai Rutendo amesimama, hachezi, mikono imeganda kabla ya kukutana.

Alimfuata mumewe karibu na kuni.

"Baba Rutendo, ni kweli?"

"Ni utani wa sahwira tu, mama."

"Sikuuliza kama ni utani. Nimeuliza kama ni kweli."

Akakohoa.

"Usinikohoe! Umempa Mhere neno lako?"

"Ni kwa ajili ya kifo. Ticha Gumbo alisema nimpe mtu ambaye atakuwepo nikifa."

"Oh. Na mimi siku hiyo nitakuwa wapi? Nimekwenda kusaga?" Alijifunga upya kitambaa kichwani, kwa nguvu, kama anayefunga mzigo. "Miaka thelathini na mmoja nafua soksi za mtu. Haya. Endelea na mwanamke wako Mhere."

Akaondoka. Tapfumaneyi akamtafuta Mhere, akamkuta anakunywa maji nyuma ya ghala, jasho linamtoka kwa kazi nzuri.

"Pedzisai, umefanya nini?"

"Umenikasirikia?" Mhere aliuliza kwa sauti ya kusikika mbali, maana aliwaona wazee wawili karibu, na alipenda nyama ya mbuzi.

"Sijakasirika."

"Basi cheka."

Akacheka.

"Hivyo ndivyo. Sasa tatizo nini? Karatasi sijamwonyesha mtu. Niliimeza wiki ileile, nikaweka kichwani. Na mimi kichwani kitu hakikai mpaka nikiimbe." Akampiga bega. "Hukunikataza kuimba, Samanyanga. Ulinikataza kuonyesha."

Jibu lolote lingemgharimu Tapfumaneyi mbuzi. Alichokuwa nacho ni hesabu. Ili kufungua kabati mtu anahitaji vitu viwili, barua pepe na yale maneno. Barua pepe yake ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye geti la shule. Maneno yameimbwa. Ile namba ya kuthibitisha aliyoiwasha Ticha Gumbo ameizima kwa uvivu wa miwani. Na shangazi mmoja alikuwa ndiyo kwanza anashuka kutoka kwenye jabali nyuma ya nyumba, mahali pekee pa kijiji kile ambapo simu hupata mtandao, anafuta simu kwa kanga akisema, "Imekwenda! Kundi zima la ukoo wameiona, hata wa Leicester!"

Kundi la ukoo lina watu mia mbili na kumi na wanne. Katika hao, alikuwa tayari kuapa, si chini ya thelathini ni wanawake waliowahi kumwandikia Tete wa Chungu. Mmoja akifungua kabati kwa mzaha tu, akaona Chungu, akabonyeza, basi ndiyo imekwisha. Kesho elfu thelathini na moja watajua kwamba yale waliyomnong'oneza shangazi usiku wa ndoa zao yalisomwa na karani mwenye masharubu. Hakuwaza aibu yake; kwa aibu alishauza mafuta. Aliwaza yule msichana wa Jumamosi ile.

Alipanda jabali kwa viatu vya mjini, jiwe jeusi linateleza kama sabuni, suruali ya msiba ikachanika gotini. Katikati alipanda kwa mikono, na chini yake uwanja mzima ukimwimbia beseni.

Juu, simu iliamka. Ujumbe ulikuwa unamsubiri: mtu amejaribu kufungua kabati lako, Johannesburg. Mtu amejaribu kufungua kabati lako, Leicester. Leicester tena.

Mara tatu, na mara zote wameshindwa. Tapfumaneyi alikaa chini ya mwamba mkubwa uliosimama pale juu, akashusha pumzi, akashangaa. Mbona wameshindwa? Akauimba wimbo polepole, mdomo umefungwa, ndipo akaelewa. Mhere, fundi wa ngoma, alikuwa ameyapanga maneno upya. Ule mpangilio wa kweli haukuchezeka. Ungemvunja mtu nyonga. Ngoma ndiyo iliyomwokoa, lakini si kwa muda mrefu, kwa sababu karani ni karani: maneno manne yana mipangilio ishirini na minne, na Leicester wana mtandao mzuri na siku ya mapumziko.

Akabadilisha. Mara mbili alikosea, mara ya tatu kabati likakubali. Maneno mapya alichagua manne kutoka mambo manne tofauti, na hapa hatuyaandiki. Akaiwasha na ile namba ya Ticha Gumbo, akasema moyoni nitanunua miwani ya pili. Kisha akaegemeza kichwa kwenye mwamba, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akamlilia mjomba wake kidogo.

Simu, iliyonyamazishwa kwa heshima ya msiba, ikatikisika.

Ujumbe uliandikiwa Tete wa Chungu. Ulitoka kwa Mchovu wa Mucheke.

"Tete, leo mume wangu amenipita mbele za watu. Kuna neno ameliweka siri, mimi akaninyima, akampa rafiki yake. Si neno ninalolitaka. Nimejiuliza, kumbe miaka yote hii mimi ni nani mle ndani? Niambie kama nakosea kuumia."

Tapfumaneyi aliusoma, na kabla hajaumaliza alisikia, upande wa pili wa mwamba uleule, mtu anapenga kamasi. Aliujua mlio ule. Alilala nao miaka thelathini na mmoja.

Alikaa kama mjusi. Angeweza kushuka taratibu. Angeweza pia, na hili alilifikiria kwa muda ambao hakujisifia baadaye, kujitetea. Aliandika, "Mwanangu, kaa chini kwanza. Pengine mume wako alikuwa na sababu njema ambayo," akasimama hapo. Nani angejua? Mke angeshuka amepoa, chakula kingekuwa na chumvi, na tete angebaki tete. Lakini alipolisoma lile "pengine" aliona si la Rugare. Rugare hakuwahi kusema pengine maisha yake yote.

Akafuta. Akaandika: "Mwanangu, kaa chini kwanza. Hukosei. Amekosea yeye. Alikuogopa, na mwoga humpa siri yake mtu asiyemjali sana. Aje akuombe radhi kwa mdomo wake, si kwa kikohozi."

Akatuma. Ng'ambo ya mwamba simu ikalia kama kifaranga.

Upepo. Chini ngoma. Akaanza kujiinua, goti moja, ili azunguke akaombe radhi kama tete alivyoagiza, na akili yake yote ikiwa kwenye kutafuta maneno, hakuona kidole chake kikisukuma kitufe cha pembeni na kuirudishia simu sauti. Mai Rutendo alikuwa na swali jingine: "Na asipokuja, Tete?"

Simu ya Tapfumaneyi ililia kengele ya shule. Aliichagua mwenyewe, kwa sauti ya juu kabisa.

"Baba Rutendo?" ilisema sauti nyuma ya mwamba.

Akaibana simu kwapani.

"Baba Rutendo, nasikia unavyopumua."

Akazunguka. Mai Rutendo alikuwa amekaa juu ya kanga, viatu amevivua, simu mkononi. Alimtazama usoni, akatazama goti lililochanika, akatazama simu yake, kisha simu ya mumewe. Akabonyeza herufi moja, akatuma. Kengele ya shule ikalia tena.

"Hapana," alisema Mai Rutendo.

"Nimekuja kuomba radhi. Kwa mdomo."

"Hapana, hapana. Subiri." Alikuwa amenyanyua mkono kama askari wa barabarani. "Miaka minne mimi nakusengenya kwako mwenyewe?"

"Na mimi nilikupa haki. Kila mara."

"Ulinipa haki kwenye simu, nyumbani ukaninunia!"

"Ushauri ni rahisi kuliko kuufuata, mama. Waulize wachungaji."

Hakucheka. Tapfumaneyi akakaa kwenye jiwe mbali kidogo, akamweleza yote: macho ya Rugare, chungu, vile alivyokuwa akiandika masikio yanamuwaka, yule msichana wa Jumamosi. Mai Rutendo alisikiliza akikunja na kukunjua ncha ya kanga. Ni yeye aliyemwosha Rugare, kwa mikono yake mwenyewe, siku ile alipokufa, na hakujua.

"Wako wangapi?" aliuliza mwishowe.

"Elfu thelathini na moja."

"Na wote wanajua wewe ni mwanamke."

"Ndiyo."

"Mwanamke mwenye masharubu, mzee wa kanisa." Akapenga tena, safari hii kwa namna nyingine. "Sasa ndiyo nimeelewa kwa nini mambo ya uzazi unayajibu kama fomu ya kujiunga na shule. Nilidhani huyu tete labda alikuwa mtawa."

"Utawaambia?"

Hilo ndilo swali lililompandisha jabali, na alipolitoa alijiona mdogo. Mai Rutendo alitazama chini uwanjani, walipokuwa wale wakwe, na vibibi, na wasichana wa ukoo wenye simu zao. Tapfumaneyi aliona anapima, na aliona kwamba yeye mwenyewe hayumo kwenye mizani.

"Niwaambie, halafu?" alisema. "Kesho waende kumuuliza nani? Mhere?" Akanyoosha mkono. "Lete hiyo simu."

Tapfumaneyi alifungua kabati. Alipoanza kuandika yale maneno mapya, kiganja kilijikunja chenyewe kuficha kioo, mazoea tu. Akakiona kinavyojikunja. Akakinyoosha, akasogea karibu naye, akaandika taratibu, herufi kwa herufi, ili asiye na miwani naye aone.

Mai Rutendo alisoma maneno yote manne. "Haya ndiyo umechagua?" alisema. "Loo. Kweli hayajawahi kukutana."

Ujumbe uliokuwa haujajibiwa ulikuwa mia mbili na sita. Akafungua wa kwanza, wa mwanamke wa Chiredzi aliyeuliza kwa niaba ya shemeji yake anayempenda mume wa mtu. Tapfumaneyi alikuwa ameanza kulitunga jibu lake tangu juzi, lote la kumhusu shemeji. Mai Rutendo alisoma mara moja tu.

"Muongo huyu," alisema kwa upole. "Hakuna shemeji hapa. Ni yeye."

"Umejuaje?"

"Nimejua."

Tapfumaneyi akasoma tena, polepole, akaona ni kweli, iko wazi kama mchana. Akahesabu moyoni mashemeji wote aliowajibu kwa miaka sita, akajisikia vibaya sana.

Chini ngoma ilinyamaza. Pedzisai Mhere, bado ndani ya koti la marehemu, alisimama katikati ya uwanja, mikono mdomoni, akaita kwa sauti yake ya ng'ombe wa ng'ambo:

"Samanyanga! Na mke wetu! Shukeni! Tunakwenda kaburini, mwenyewe ameshatoka!"

Tapfumaneyi akasimama, akapangusa suruali. "Twende, mama. Tunasubiriwa."

"Kaa chini kwanza," alisema Mai Rutendo, tayari yuko kwenye ujumbe wa pili. "Marehemu hana haraka."